Kila Saa Sita

Uvimbe ulivuka mstari asubuhi ya siku ya nne, na wa kwanza kuuona alikuwa bibi.

Mstari wenyewe ulichorwa na daktari, kwa kalamu ya wino wa buluu, kuzunguka mguu wa mtoto juu kidogo ya kifundo. "Uvimbe umefika hapa," alisema siku ile. "Dawa ikifanya kazi, utarudi chini. Ukivuka hapa msingoje, mleteni." Yalikuwa maneno mafupi ambayo hata asiyejua kusoma aliyaelewa, na bibi hakujua kusoma. Tangu hapo, kila alipomwosha mjukuu wake, alipitisha kitambaa kando ya wino ule taratibu asije akaufuta.

Sasa ngozi ilikuwa imewamba na kung'aa upande wa pili wa wino, na ukiigusa ilikuwa ya moto.

"Chiriku," aliita bibi. "Panauma hapa?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa tu. Hicho kimya kilimtisha bibi kuliko uvimbe. Mtoto yule hakuitwa Chiriku bure. Tangu alipojua kuunganisha maneno mawili, nyumba haikupata utulivu. Aliongea akila, aliongea akioga, na baba yake alikuwa akisema kwamba hata usingizini hufunga mdomo kwa kulazimishwa. Na leo amelala kimya kwenye mkeka kwa sababu ya kujikwaa! Alijikwaa kidole gumba kwenye kizingiti cha bati, kucha ikang'oka nusu, akafungwa kitambaa akarudi kucheza. Nani hajawahi kujikwaa? Lakini kidole kikavimba, unyayo ukafuata, na homa nayo haikutaka kubaki nyuma.

Bibi aligeuka kuitazama chupa ya dawa. Walikuwa wameambiwa antibayotiki ile ikae mahali pa baridi, na kwa kuwa friji hawakuwa nayo, aliisimamisha kwenye beseni la maji kando ya dirisha lisilopata jua, akawa anayabadilisha maji kila yakipata uvuguvugu. Kijiko alikifunika kwa kitambaa safi. Kabla ya kumpa mtoto aliitikisa chupa mpaka povu likatokea, kama alivyoelekezwa. Redio ikisema ni saa sita kamili mchana, kijiko. Usiku alikaa kwenye stuli bila kuegemea ukuta, maana akiegemea atasinzia, mpaka redio iseme tena saa sita, kisha kijiko. Ndipo alipojiruhusu kulala, magoti yakiwa yamekufa ganzi.

Alikuwa amefanya yote hayo, na uvimbe umevuka.

Mwanawe alirudi muda huo kutoka lindoni. Alikuwa mlinzi wa ghala la vifaa vya umeme, mtu mrefu mwenye mizaha ambaye kila asubuhi aliingia akivua buti mlangoni na kuuliza, "Mgonjwa wangu ameniachia uji au ameumaliza?" Leo aliuona uso wa mama yake akaacha buti moja mguuni.

"Umevuka?"

"Umevuka."

Aliinama akautazama mguu, kisha akaichukua chupa kutoka kwenye beseni, akaisoma tena ile karatasi iliyobandikwa, kama kwamba imeandikwa upya usiku. *5 x 4 x 5.* Siku ya kwanza alikuwa ameshaipigia hesabu. Tano mara nne ishirini, mara tano mia. Akageuza chupa akakuta imeandikwa mililita mia, akasema, "Hesabu imetimia," akaenda kulala ameridhika kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Nampigia mama yake," alisema.

*

Mama yake Chiriku alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda kidogo cha kufulia mashuka ya hoteli. Simu za wafanyakazi hukaa kwenye droo ya msimamizi mpaka jioni, kwa hiyo anayetaka kumpata mtu humpigia msimamizi, na msimamizi huitangaza shida yako kabla hujaifikia simu.

"Mpiga pasi! Mtoto wako amezidiwa!" Kisha, akimwangalia anavyokuja akijifuta jasho: "Huyu mtoto wako ana kalenda? Mbona anaugua siku za mashuka tu? Siku za taulo hajambo."

Wenzake wawili walicheka. Hawakuwa na ubaya. Msimamizi alipenda mizaha yake ichekwe, na wao walikuwa na watoto pia.

"Naomba ruhusa, bosi."

"Nenda. Siku ya leo siiandiki. Na kesho nisipokukuta hapa, kwenye pasi atasimama mwingine. Wewe utakwenda kwenye mapipa."

Mapipa ni kule nyuma, mashuka yanakolowekwa kwenye dawa kali. Ujira wake ni mdogo na mikono hubabuka. Alishukuru, kwa sababu mtu akikutishia halafu akakuruhusu unatakiwa ushukuru, akatoka mbio.

*

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Mbele ya foleni palikuwa na meza, na nyuma ya meza muuguzi aliyekagua kadi na dawa kabla ya mtu kuingia kwa daktari. Tumtendee haki: naye alikuwa ameamka kabla ya jogoo, na watu waliokuwa mbele yake wangewatosha wauguzi watatu. Lakini sauti yake ilikuwa kubwa kuliko korido ile ilivyohitaji.

Aliishika chupa, akaiinua kuelekea dirishani. Watu wote wa kwenye benchi waliinua macho kuifuata.

"Hii ndiyo dawa mliyopewa siku ile?"

"Ndiyo, dada," alisema mpiga pasi.

"Leo siku ya nne. Hii chupa ilitakiwa iwe inaelekea kukauka. Mbona hata nusu haijafika? Mmemwekea na ya mwaka ujao?"

Mtu mmoja alicheka puani. Mpiga pasi alihisi masikio yakipata moto.

"Semeni tu, hapa tumeshaona yote," aliendelea muuguzi. "Mtoto akipata nafuu kidogo mnaacha. Mwingine anagawana na jirani. Mwingine ananyweshea kuku. Halafu mguu ukioza mnakuja kutulilia sisi."

"Mimi nashinda kazini, dada," alisema mpiga pasi. "Bibi yake ndiye anayempa."

Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Hakuna aliyeweza kumwambia amesema uongo. Bibi alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, Chiriku mgongoni.

Muuguzi alihamisha macho. "Bibi. Mtoto unampa dawa au humpi?"

"Nampa."

"Unampaje?"

"Kijiko kimoja. Kila saa sita, kabla hajala, kama nilivyoambiwa."

"Kila saa sita!" Muuguzi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Ungempa kila saa sita, bibi yangu, chupa hii ingekuwa inalia. Usinidanganye mbele ya watu wazima wenzako."

"Sikudanganyi, mwanangu. Sijakosa."

"Basi unasahau. Uzee siyo kosa, lakini dawa haitaki kusahauliwa. Na wewe mama, mtoto yuko hatarini hivi, unamwachia mzee dawa?"

Bibi alimtazama mkwe wake. Hakutaka mengi. Alitaka neno moja tu, hata dogo: *huyu hasemi uongo*, au *mimi namjua*. Wamekaa chumba kimoja miaka yote hiyo; bibi ndiye aliyempokea mtoto yule siku aliyozaliwa, ndiye aliyewafulia nguo za damu. Mpiga pasi alikuwa ameinamia kadi ya mtoto kana kwamba kuna kitu kipya kimeandikwa pale.

"Mtoto na mama waingie," alisema muuguzi. "Bibi asubiri nje."

Bibi alimteremsha Chiriku mgongoni, akamkabidhi. Kwenye benchi mwanamke mmoja alimsogezea nafasi, kwa huruma ile inayouma kuliko tusi.

*

Ndani, daktari aliubonyeza mguu mpaka Chiriku akapiga kelele. Alichora mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, karibu na katikati ya muundi.

"Wadudu ukiwapiga nusunusu hawafi," alisema bila kuinua kichwa. "Wanakaa chini wanakusoma. Leo nampiga sindano, na dawa tunaanza chupa mpya. Kipimo kilekile, na mpaka imalizike. Hata akipona akawa anaruka, msiache. Hii ya zamani iacheni hapa."

"Na mguu, daktari?"

"Kesho asubuhi nimwone. Uvimbe ukibaki chini ya mstari huu, vizuri. Ukiuvuka, anakwenda hospitali kubwa, wapasue na kusafisha." Sasa ndipo aliinua kichwa. "Mama, ugonjwa ukifika kwenye mfupa tutakuwa tunazungumza habari ya mguu wenyewe. Unanielewa?"

Alielewa. Kwenye dirisha la dawa, kijana wa famasi alimpa Chiriku kijiko cha kwanza palepale. Ilikuwa saa nne. "Kila baada ya saa sita, mama," alisema, yale yale ya siku ile, na safari hii mpiga pasi aliyahesabu kwa vidole mbele yake: saa kumi jioni, saa nne usiku, saa kumi alfajiri.

Nje, alinyoosha mikono apokewe mtoto, kisha akaona aibu akairudisha. "Nitambeba mimi, Mama. Umechoka."

"Niachie," alisema bibi, akiinama apandishiwe mtoto mgongoni. "Kubeba bado sijasahau."



*

Walipofika, mpiga pasi alilichukua beseni kando ya dirisha, akabadilisha maji, akaisimamisha chupa mpya ndani yake, kisha akalipandisha beseni na yote juu ya kabati la nguo, ambako mkono wa bibi haufiki. Alifanya haraka, kama mtu anayejificha, ingawa chumba kile hakikuwa na pa kujificha. Pazia moja lilikigawa: huku kitanda cha mlinzi na mkewe, kule mkeka wa bibi na mtoto, meza, jiko, na maisha mengine yote.

Bibi aliona. Alikaa kwenye stuli yake akaanza kumenya viazi.

Nyuma ya pazia mlinzi alikuwa hajalala.

"Kwani mama kafanya nini?"

"Mama yako hampi mtoto dawa."

"Mama? Mama huyu anayekesha?"

"Kukesha na kutoa dawa ni vitu viwili, Baba Chiriku. Nimeaibishwa mbele ya watu. Chupa imejaa, naulizwa, sina la kujibu."

"Kwa hiyo mama yangu ni mwongo."

"Sijasema mwongo. Nimesema chupa ilikuwa imejaa."

"Sasa ukiondoa uongo kinabaki nini?"

"Labda anasahau. Umri umekwenda."

Walinong'ona, lakini pazia siyo ukuta. Kila neno lilimfikia bibi na viazi vyake. Uongo haukumuumiza sana, kwa sababu alijua hakusema. Hilo la kusahau ndilo lililomwingia. Aliacha kumenya akaanza kujipekua. Juzi usiku, je? Alikaa kwenye stuli, redio ikasema, akasimama... Au aliota kwamba amesimama? Shangazi yake mwenyewe uzeeni alikuwa akitia chumvi chungu kimoja mara tatu, na ukimwambia anaapa. Labda ndivyo inavyoanza. Labda mtu hawezi kuona akili yake ikiondoka, kama asivyoweza kuona kisogo chake. Na kama ni yeye aliyeufanya mguu wa mjukuu wake ufike kwenye kisu, ataishi vipi? Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye kisu.

Mezani, redio ilikuwa ikipiga muziki kwa sauti ya chini. Muziki ukakatika. *Sasa ni saa sita kamili.*

Mwili wa bibi ulisimama kabla yeye hajafikiri. Alinawa mikono, akatoa kijiko kwenye kitambaa chake, akakifuta, akasimama chini ya kabati akiangalia juu.

"Mama Chiriku," aliita. "Nishushie chupa. Umpe mwenyewe, sikatai, lakini shusha. Saa imefika."

Mpiga pasi alitoka nyuma ya pazia. "Saa gani, Mama?"

"Saa sita. Redio si imesema?"

"Bado. Amepewa saa nne kule. Ni mpaka saa kumi."

"Saa kumi tena?" Bibi alishusha kijiko. "Wamebadilisha dawa? Si ulisema ni ya kila saa sita?"

"Ni hiyohiyo, Mama. Kila saa sita. Saa nne asubuhi, saa kumi jioni, tena saa nne usiku. Kila saa sita."

Bibi alimtazama. Kisha akahamisha kijiko mkono wa kushoto, akaanza kukunja vidole vya kulia, polepole, midomo ikicheza. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa. Vidole vikamwishia, akaongeza kijiko chenyewe. Kumi.

"Kumbe za kuhesabu," alisema.

"Za kuhesabu vipi?"

"Hizo saa zako ni za kuhesabu. Mimi uliniambia kila saa sita, nikampa kila saa sita. Saa sita ya mchana, saa sita ya usiku. Nikasema huyu daktari ana akili, kachagua saa ambayo hata mimi nisiyejua kusoma sitaikosea, maana redio inaitaja." Alikiinua kijiko. "Sikuruka hata moja, mwanangu. Hata moja."

Redio iliendelea kusoma habari za watu wengine.

Mpiga pasi alijiona mwenyewe, asubuhi ile ya kwanza, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine nje, anachelewa, anapiga kelele akiwa mlangoni: *Mama, kijiko kimoja kila saa sita, kabla hajala!* Kijana wa famasi alikuwa amesema *kila baada ya*. Neno hilo halikufika nyumbani. Lilikuwa neno dogo, na yeye alikuwa na haraka, likadondoka njiani.

Mlinzi alikuwa amesimama kwenye pazia akiangalia juu ya kabati. "Tano mara nne," alisema taratibu. "Kumbe ile nne ni hiyo. Mara nne kwa siku." Akajipiga kichwani. "Na mimi mjinga nikaizidisha."

Mpiga pasi aliketi sakafuni, miguuni pa mama mkwe wake. "Nisamehe, Mama. Ni mimi. Neno nimelisahau mimi."

"Neno umesahau, sawa. Kusahau ni kwa kila mtu, nami nilishaanza kuamini kwamba akili imeniaga. Afadhali hivi." Bibi alikaa kwenye stuli kwa uzito. "Lakini pale kwenye benchi hukusahau, Mama Chiriku. Pale nilikutazama, ukaninyamazia."

Mpiga pasi alisimama, akalishusha beseni kutoka juu ya kabati, akaliweka mbele ya bibi.

Bibi alitikisa kichwa. "Mkono wangu umeshatangazwa mbele ya watu. Mpe wewe."

Jioni mlinzi alipokuwa akifunga buti zake kwenda lindoni, alimsogelea mama yake amchekeshe kidogo. Bibi hakucheka, ila alimpa cha kuondoka nacho. "Mtoto kajikwaa kidole," alisema, "mama yake kajikwaa ulimi. Sasa nyumba nzima tunachechemea."

*

Kulipokucha uvimbe ulikuwa chini ya mstari wa pili. Haukuwa umerudi sana, lakini ngozi ilikuwa imelegea na homa imeshuka. Mpiga pasi alipiga magoti akaupima mguu kwa macho mara mbili.

"Nitampeleka mimi na mama," alisema mlinzi, macho mekundu kwa usingizi. "Wewe wahi kazini. Usipoonekana leo utapelekwa kwenye mapipa."

"Naenda mimi."

"Wewe! Kwani daktari lazima akuone wewe?"

"Siyo daktari," alisema, akafunga kichwa kitambaa chake kizuri.

Njia nzima, bibi akifuata na Chiriku mgongoni, mpiga pasi alikuwa akiyapanga maneno. Aliyapanga vizuri, yasiwe mengi, yasikike mpaka mwisho wa benchi. Muuguzi alikuwa yuleyule, meza ileile. Zamu yao ilipofika, hakutoa kadi.

"Dada, jana ulimwambia huyu mama kwamba anadanganya."

Muuguzi aliinua kichwa akatafuta kumbukumbu asiipate. "Mama, jana nimeona watu hapa mpaka giza. Tatizo ni nini?"

"Hakudanganya. Hakusahau pia. Mimi ndiye niliyemwambia vibaya." Akaligeukia benchi, na sauti ikampanda. "Nilimwambia kila saa sita, akampa saa sita mchana na saa sita usiku, hakukosa hata siku moja. Kosa ni langu mimi, siyo lake. Nilitaka mjue."

Watu walimtazama. Mzee mmoja mwenye kikohozi alimtazama jirani yake kuuliza kama kuna kilichompita. Kijana mwenye mkono uliofungwa alisema, "Dada, sisi tuko kwenye foleni tu." Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu, kama mtu anavyofanya akiona mgomvi.

Bibi alimvuta gauni kwa nyuma. "Kaa, mwanangu," alisema chini chini. "Hawa siyo wale."

Kweli hawakuwa wale. Yule mwanamke aliyesogeza nafasi hakuwepo, wala yule aliyecheka puani. Wamekwenda zao na habari ya bibi mmoja mwongo au msahaulifu, wameshaisimulia nyumbani kwao au wameshaisahau, na hakuna wa kuwafuata huko. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpiga pasi alisimama pale na maneno yake mazuri.

"Saa sita mchana na saa sita usiku," alisema muuguzi taratibu. Kalamu yake ilikuwa imesimama. Alionekana kama mtu anayewapitisha kichwani wote aliowahi kuwaambia kila saa sita. Kisha akaitazama foleni iliyofika kwenye ngazi. "Pole, bibi," alisema. "Ingieni wote. Anayefuata!"

Daktari aliubonyeza mguu, Chiriku akaguna tu. Hakuna kupasua, alisema. Iendelee dawa mpaka tone la mwisho.

*

Mchana huo msimamizi alipiga simu mwenyewe kumwarifu mpiga pasi kwamba kuanzia kesho ni mapipa. Alijibu sawa bosi. Kisha akaegemea ukuta kando ya mkeka wa mtoto, afumbe macho dakika mbili tu. Usingizi ukambeba.

Alishtuka akiguswa bega. Bibi alikuwa amesimama juu yake na kijiko kilichofutwa.

"Amka. Sita zimetimia."

Mpiga pasi aliangalia saa ya simu. Saa kumi kamili. Redio ilikuwa imezimwa. Sijui aliihesabu kwa kitu gani, kwa kivuli au kwa vidole. Alilivuta beseni, akaitoa chupa ikidondosha maji, akaitikisa. Kisha akainyoosha kwa mama mkwe wake, na mkono ukakaa hapo hewani.

"Mpe wewe, Mama."

Bibi aliitazama chupa kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyostahimili mpiga pasi.

"Haya. Mshike kichwa," alisema, akaipokea.

Chiriku alikaa, mgongo kifuani kwa mama yake. Alikitazama kijiko kinavyojaa, akaitazama redio mezani, akarudi kwenye kijiko.

"Bibi, dawa si ya saa sita? Mbona redio haijasema? Na jana mama alinipa kukiwa na giza, na tena kukiwa na giza jingine. Wewe ulikuwa hunipi kwenye giza jingine. Kwa nini?"

Ndiyo maneno mengi zaidi aliyosema tangu alipougua. Bibi alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza, wala halikuwa tamu lote.

"Muulize mama yako."

"Mama, kwa nini?"

Mpiga pasi aliweka kidevu juu ya nywele za mtoto. Hapa palikuwa na watu wawili tu wa kumsikia, na wote wawili walikuwa wale wale.

"Kwa sababu mama alisahau neno moja. Bibi hakukosa. Mama ndiye aliyekosa."

"Neno gani?"

"Baada."

Chiriku alilifikiria. "Neno dogo hivyo?"

"Dogo hivyo," alisema bibi. "Fungua mdomo."